Waliniambia nimgeuze bibi yangu awe babu ndipo riwaya yangu ichapwe. Haya ndiyo yaliyofuata

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunda. Leo wateja ni wachache, kwa hiyo nina nafasi ya kusema yangu mpaka mwisho.

Mimi huwa naandika riwaya, na najua wapo watakaosema huyu naye anatunga. Kutunga natunga, sikatai. Lakini uzi huu hauna chumvi, chumvi yote niliimalizia kwenye riwaya.

Kaeni vizuri, ni mrefu kidogo.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Nina duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa Bunda mjini. Nauza dawa ya kuogesha ng'ombe, dawa za minyoo, mabomba ya kupulizia pamba na mengineyo. Msimu wa pamba sipati hata muda wa kunywa chai. Msimu ukiisha nakaa nyuma ya kaunta naandika kwenye simu.

Kuna mzee mfugaji alinikuta siku moja nalia dukani kwa sababu mhusika wangu amekufa. Akadhani nimefiwa kweli. Akanipa pole, akaacha chenji yake kwenye kaunta iwe rambirambi. Nilimkimbilia nje kumrudishia, akakataa, akasema msiba ni msiba.

Nyumbani kwetu ni Butiama, kitongoji cha Mwitongo. Na hapa ndipo stori inapoanzia, kwa hiyo watu wa Mara rukeni aya chache zinazofuata, nyie mnayajua haya.

Bibi yangu aliitwa Wakuru. Alifiwa na mume mapema. Watoto wake wote walikuwa wa kike, wakaolewa, wakaondoka. Nyumba ikabaki haina wa kuirithi.

Kwa mila zetu mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa. Hamjasoma vibaya, nimesema kuoa. Anatoa ng'ombe kwa wazazi wa binti. Binti anakuja kuwa mke wa nyumba ile. Anazaa na mwanaume aliyekubalika, na watoto wanahesabiwa ni wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Inaitwa nyumba ntobhu.

Binti aliyeolewa na Wakuru ndiye mama yangu.

Hawakuwa wapenzi, wakuu. Habari za kitandani hazimo kabisa. Bibi kwa mama alikuwa mama mkwe mwenye mamlaka ya mume. Mama alimwita "mama", sisi watoto tukamwita bibi. Baba yangu mzazi namfahamu, ni mkulima wa kijiji cha jirani, tukikutana tunasalimiana vizuri na anaulizia mahindi.

Shuleni nilipoulizwa baba yako nani, nilijibu ni bibi, Wakuru. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine alinichapa akidhani namfanyia mzaha. Mwalimu wa kwetu aliandika tu, akaita jina linalofuata.

Na msije mkadhani naipamba hii mila. Wapo mabinti waliopelekwa wakiwa wadogo, wakapigwa, wakachaguliwa mwanaume leo huyu kesho yule. Nawafahamu kwa sura. Ndiyo maana niliona iandikwe, mabaya yake na mazuri yake.

Nikaanza kuandika riwaya, nikaiita Nyumba Isiyofungwa. Nilikuwa naitoa mtandaoni kipande kwa kipande kwenye ukurasa wangu, halafu nikafungua na group la wasomaji.

Wakuu, hakuna raha kama msomaji.

Mimi nilizoea kuandika daftari likajaa, nikaliweka kabatini, panya akawa msomaji wangu wa kwanza. Sasa natoa episode mchana, jioni watu wanagombana kuhusu mtu ambaye nimemtunga mimi nikiwa napima dawa ya kupe!

Walikuwepo wa Bukima, wa Musoma mjini, wa Tarime, wa Mwanza, wa Dar, hata walioko nje ya nchi ambao wanakumbuka ugali wa udaga, ule wa mihogo.

Niliyempenda kuliko wote ni Nyabwire. Yeye anaanika dagaa kisiwani Rukuba. Kule mtandao unakamatika juu ya jiwe moja tu, kwa hiyo alikuwa anapanda, anapakua episode, anashuka kuwasomea wenzake kambini. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanabaki nchi kavu, basi wiki hiyo comments za Rukuba zinanyesha.

Siku moja aliniandikia: "Dada, leo dagaa wamelowa mvua tukiwa tunakusikiliza. Hizi episode zako zitatutiaga hasara."

Ujumbe huo nimeuhifadhi mpaka leo.

Sasa na waandishi wenzangu.

Kuna mtu mmoja ni admin wa group kubwa la watunzi wa riwaya za mtandaoni. Nitamwita Mshale, siyo jina lake. Yuko Dar, ni mtu mzima, ana vitabu vyake mtaani. Alisoma episode zangu, akanivuta kwenye group lao.

Haki yake sitamnyima. Mshale alinifundisha mengi. Alinionyesha pa kukatia episode ili msomaji arudi. Alinikataza kueleza jua linavyochomoza kila nikianza sura. Nikikosea alinisema mbele za watu, nikifanya vizuri alinisifu mbele za watu hao hao. Nilimheshimu kama kaka.

Yeye ndiye aliyepeleka riwaya yangu kwa mchapishaji anayefahamiana naye. Akaniambia, "Dada yangu, jiandae, unakuwa mwandishi wa kitabu."

Wakuu, nilikitaka hicho kitabu. Niseme ukweli, nilishaanza kuona jina langu kwenye jalada, nimeshachagua hadi rangi yake. Nilitaka nimpelekee mama mkononi, kitu cha kushika, siyo simu.

Halafu nikatoa episode ya ndoa.

Mpaka hapo nilikuwa sijataja wazi. Wasomaji walijua kuna bibi mjane anatafuta mtu wa kuingia nyumbani kwake. Kwenye episode hiyo bibi anafika kwa wazazi wa binti, ng'ombe wanaswagwa uani, wazee wanawakagua pembe na miguu, wanaridhika.

Comment ya kwanza iliuliza: "Subiri kwanza. Hapo anayeoa ni nani?"

Ya pili ikajibu: "Bibi."

Baada ya hapo sikuweza tena kufuatilia.

Nikaitwa mwenezaji wa ushoga. Nikaitwa wakala wa wazungu. Mtu ambaye hajawahi hata kuliona daraja la Kirumi la huku kwetu Mara anamwambia mtoto wa Wakuru kwamba Wakuru ameletwa na wazungu! Screenshot zikasambaa kwenye magroup ya makanisa na ya wazazi. Mmoja akaandika kwamba mtu kama mimi sifai hata kuuza dawa ya ng'ombe.

Watu wa nyumbani walijibu, nao hawajui kujibu taratibu. Jamaa wa Bukima aliandika: "Kwani mlitaka aoe nani, ng'ombe?" Nyabwire alishusha aya ndefu mpaka nikajiuliza amekaa muda gani juu ya lile jiwe.

Nilidhani yatapoa. Ndipo mjomba akapiga simu.

Mjomba ni kaka wa mama. Anaishi Musoma, ni mzee wa kanisa, mtu wa ofisini, suruali ina mstari. Miaka yote mjini amekuwa akisema dada yake aliolewa na mkulima wa Butiama ambaye bahati mbaya alifariki.

"Umetuvua nguo," akaniambia. "Watu kanisani wananiuliza. Futa hiyo takataka leo hii."

"Shikamoo mjomba."

"Sitaki shikamoo yako! Futa."

Mnisikilize, wakuu. Mimi nimelelewa vizuri, mjomba sijibizani naye. Lakini kuna jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua na mjini halisemwi. Binti akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwolea kaka yake. Ng'ombe wa Wakuru walitoka zizini kwa bibi, wakafika kwa babu mzaa mama, na hawakukaa. Waliendelea na safari mpaka kwa wakwe wa mjomba.

Nikamuuliza kwa adabu zote, "Mjomba, mkeo alitolewa mahari kwa ng'ombe wa nani?"

Akakata simu.

Sikujuta na sijuti.

Haikupita muda Mshale akatangaza kwamba anakuja Musoma. Alikuwa na semina ya watunzi wa Kanda ya Ziwa kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa. Nikafunga duka nikaenda. Nilivaa vizuri, nikanunua na kalamu mpya, mjinga mimi.

Wakati wa chakula Mshale akaniita mezani kwake. Tulikuwa watu kama sita. Laptop yake iko wazi, riwaya yangu imo.

"Dada yangu, mchapishaji amekipenda kitabu," akasema. "Tatizo ni bibi tu."

"Bibi amefanya nini?"

"Ameoa."

Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, maana sikujua nifanye nini na uso wangu.

"Mgeuze awe babu," akaendelea. "Mzee mmoja mgane, ana ng'ombe wake, anaoa binti mdogo. Msomaji anaelewa mara moja. Hadithi inabaki ile ile."

"Kwa hiyo babu akioa binti mdogo hamna shida?"

"Watu wamezoea."

Alisema hivyo hivyo, wakuu, huku anachambua sato. Watu wamezoea. Mzee kuchukua mtoto hakumkeri mtu, kinachokera ni mwanamke kutoa ng'ombe.

Nikamwambia nitahitaji muda wa kufikiri, kazi yenyewe ni kubwa. Akasema kubwa wapi, dakika moja tu. Akavuta laptop, akaiambia itafute kila palipoandikwa bibi iweke babu, akabonyeza. Akanigeuzia nione. Bibi yangu aliyenilea alikuwa ameondoka kwenye kurasa zote, na Mshale akarudi kwenye sato wake.

Dada mmoja mtunzi, mtu wa Mwanza, alinishika mkono chini ya meza. Akaninong'oneza kwamba nikubali tu hiki cha kwanza, cha pili nitaandika nitakavyo. Hakuwa na ubaya. Wengi wetu ndivyo tulivyofika hapa, tunakubali cha kwanza, halafu cha pili nacho kinakuwa cha kwanza.

Mshale akanitumia lile faili, akataka nimpe jibu kabla ya wiki kuisha.

Sikurudi Bunda moja kwa moja. Nilishukia Makutano, nikachukua bodaboda mpaka Butiama kwa mama.

Nilimkuta uani na majirani zake wawili wanamenya mihogo ya kuanika. Nikapewa kisu, nikakaa. Mama alikuwa anajua mambo yangu yote, maana yumo kwenye group la wasomaji. Hajui kuchapa vizuri, kwa hiyo hajawahi kusema neno. Picha yake ni ng'ombe wake mwekundu, hakuna aliyejua ni nani.

Nikawaeleza ya Musoma. Halafu mmoja wa majirani akasema, hebu tusomee huyo babu tumsikie.

Nikafungua faili, nikasoma kwa sauti.

Sentensi ya kwanza ya riwaya yangu inasema bibi alifiwa na babu akiwa bado kijana. Sasa ilisomeka hivi: "Babu alifiwa na babu akiwa bado kijana."

Jirani mmoja akauliza, "Hao mababu wawili walikuwa wanaishije?"

Wakuu, tulicheka mpaka visu vikawekwa chini. Watu wamekimbia jambo moja mbio zote hizo, wameenda kulijenga wenyewe kwenye mstari wa kwanza! Nikaendelea. Babu alizaa mabinti wanne. Babu alimfunga mwali kanga kifuani. Babu alimnyonyesha mtoto wa jirani aliyefiwa na mama. Jirani wa pili aliomba nisimame, mbavu zinamuuma.

Nilipoinua macho nikaona mama ameshaacha kucheka.

"Huyo babu yao akifa," akasema, "mimi nakuwa nani?"

Akaokota muhogo mwingine, akaendelea.

"Mzee akifaga, ndugu zake wanakuja kugawana. Mjane mdogo anaambiwa rudi kwenu. Wakuru alikufa mimi niko ndani, na hakuna mtu alinisogeza. Nyumba ni yangu. Hii mihogo ni yangu. Sasa wakimtoa Wakuru wakaweka mzee, si wamenitoa na mimi?"

Nikamwambia basi nimeshaamua, sibadili kitu.

"Ngoja," akasema. "Na wewe kuna pahali umedanganya."

"Wapi mama?"

"Umeandika binti aliingia anatabasamu. Nani alikwambiaga nilitabasamu? Mimi nililia. Nililia mpaka Wakuru akawa anaenda kulala jikoni, aniachie nyumba nilie vizuri. Alikuwaga analeta uji anaweka mlangoni anaondoka. Hakunigombeza hata siku moja. Lakini nililia. Andika na hilo, au acha kuandika."

Hilo sikuwahi kulisikia. Nimekaa na hao wanawake wawili tangu nazaliwa na sikuwahi kulisikia. Nililia pale pale kwenye maganda, mama akaniambia nisimalizie machozi kwenye mihogo yake.

Jioni ile nikamjibu Mshale ndani ya group la watunzi, mbele ya wote. Niliandika: "Bibi yangu ataendelea kuwa bibi. Ahsante kwa yote uliyonifundisha, hili la leo nimelikataa."

Nikatolewa kwenye group kabla sijafunga simu.

Na mchapishaji sikumsikia tena.

Wiki iliyofuata nikatoa episode ya kulia. Niliiandika yote kama mama alivyosema, jikoni, uji, mlango.

Hapo ndipo nilipopigwa na wale niliodhani ni wangu.

Watu wa nyumbani waliokuwa wananitetea wakageuka. Walipenda bibi aoe, hawakupenda binti alie. Wakasema nachafua mila, nawapa maadui maneno. Mteja wangu wa siku nyingi, mfugaji, alikuja dukani akaniambia amehamia duka la pili kwa sababu nimewauza. Nikampa risiti yake ya mwisho nikamtakia kila la heri, kumbembeleza sikumbembeleza.

Nyabwire aliandika: "Dada huku kambi imegawanyika. Wanaume wanasema niache kusoma, wanawake wanasema rudia."

Nikamwambia arudie.

Sasa nilikuwa sina upande, wakuu. Wa mbali wananitukana kwa sababu ya bibi, wa karibu wananitukana kwa sababu ya mama. Waandishi wenzangu wamenifungia mlango. Zipo siku nilifungua duka nikakaa tu, sina hamu hata ya kuchapa herufi moja.

Mshale naye hakunyamaza. Aliandika kwenye ukurasa wake kwamba wapo waandishi chipukizi wanaobuni mila za ajabu ili wapate kiki. Akamaliza kwa kusema kama huyo mke wa bibi yupo, aletwe aonekane.

Screenshot ikaingia kwenye group langu la wasomaji. Watu wakaanza. Yupo. Hayupo. Ni zamani hizo, wameshakufa wote. Mleteni basi. Mwandishi mbona kimya? Kuna aliyeandika "tumekaa paleee" na alama za kucheka.

Nilikuwa dukani, mchana, nahudumia mama mmoja wa dawa ya kuku. Nikaona kwenye group imeingia voice note. Picha ya aliyetuma ni ng'ombe mwekundu.

Niliibonyeza pale pale kwenye kaunta, mteja anasikia.

Nimeisikiliza mara nyingi, kwa hiyo nawaandikia ilivyo:

"Nyie mnanitafutaga mimi? Nipo. Naitwa Nyangeta, wa Mwitongo. Mimi ni mke wa Wakuru. Ng'ombe walitoka, watu walikula, nikaingia kwa mlango. Miaka yote nikiendaga mjini nasemaga mume wangu alikufa, kwa sababu watu wa mjini wanachekaga. Leo nasema. Wakuru ndiye alinioa. Wakuru ndiye niliuguza, nikazika. Mwenye swali aulize mimi. Mtoto mwacheni aandike."

Mama wa dawa ya kuku akasema, "Huyo mama yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie namsalimia."

Nikamfungia dawa yake, nikarudi kwenye group la mamia ya watu.

Halafu ikaja comment kutoka kwa namba ambayo haijawahi kuandika kitu. Ilisema hivi: "Shikamoo mama. Mimi nina miaka kumi na saba. Naomba kuuliza, ulikubali mwenyewe?"

Nilijua wale wa mila wanasubiri jibu hilo, na wale wa mbali wanalisubiri pia, kila mmoja na kisu chake. Nikatamani nimpigie mama nimwambie asijibu.

Akajibu.

"Marahaba mwanangu. Hapana. Mimi sikuulizwa. Nilimpenda Wakuru baadaye, na namlilia mpaka leo. Lakini wewe wakitaka kukupeleka bila kukuuliza, kataa. Iwe kwa bibi, iwe kwa babu, kataa. Kama huna pa kwenda, njoo kwangu Mwitongo, ulizia kwa Nyangeta."

Basi, wakuu. Hakuna mtu aliyebisha tena kama yupo au hayupo.

Yule binti alimtafuta mama pembeni. Waliyoongea ni yao, na mama hajaniambia ingawa nimemchimba sana. Ninachojua ni kwamba hajapelekwa popote na shule anaendelea.

Mjomba nilikuja kugundua kwamba alikuwa ndani ya group siku zote kwa namba nyingine. Alitoka siku hiyo bila kuaga. Kwa mama amekuja mara moja baadaye, amekaa uani, amekunywa uji, wakazungumza habari za mvua. Sijaombwa msamaha na siudai.

Kitabu hakijachapwa. Kama mlikuwa mnasubiri niseme mchapishaji alirudi kwa magoti, poleni. Riwaya inaendelea kutoka mtandaoni, bure, kipande kwa kipande, na kwenye kila ukurasa bibi ni bibi.

Nilichojifunza ni hiki.

Msomaji ana haki ya kuchukia hadithi yangu. Ana haki ya kuiacha katikati, ya kunisema, ya kwenda duka la pili. Mwandishi mwenzangu ana haki ya kunikosoa mpaka nikose usingizi. Lakini watu waliotolewa ng'ombe, wakalia, wakakaa, wakazika, hao hawafutwi na mtu yeyote kwa kubonyeza kitufe. Hilo sikubali, hata kama nitazeeka bila jalada.

Na kwa watu wa kwetu mnaosema nachafua mila: mila ambayo haiwezi kusikia binti akilia, shida si mwandishi.

Nimemaliza. Karibuni tuzungumze, hasa nyie mliozaliwa kwenye nyumba kama yetu mkawa mnajibu "baba alifariki". Andikeni jina la bibi yenu hapa chini, jina tu linatosha.

Matusi nayo leteni, sizuii. Ila mjue kwamba mama yumo humu anasoma, na siku hizi anajua kubonyeza kile kidude cha kurekodi sauti.